Kwenda Oman Kutazama Ngome

Mtu wa pwani ya Afrika Mashariki anayetaka kuvuka bahari kwa siku chache akatazame ngome za kale, mimi humwambia aanzie Oman. Simwambii hivyo kwa ajili ya ukaribu wala bei ya tiketi. Ngome nyingi za kule zilijengwa na watu walewale waliokuja kuwatoa Wareno Mombasa, na aliyewahi kutembea ndani ya Ngome ya Yesu, au kukaa jioni katika Ngome Kongwe pale Forodhani, Unguja, ameshaiona nusu moja ya hadithi. Nusu ya pili iko Nizwa, Jabrin, Rustaq na Hazm, na siku nne kamili zinatosha kuipitia bila kuchoka.

Zinatosha kwa sharti moja: uchague. Oman ina mamia ya ngome, husuni na minara ya ulinzi, na msafiri akiipokea ramani tu hushawishika kutia alama kila mahali. Matokeo yake huwa ni kupanda na kushuka ngazi tangu asubuhi hadi jioni, na kufika ngome ya tano macho hayaoni tena isipokuwa ukuta na mzinga. Ngome tano kwa safari nzima zinatosha, na zisikose sababu ya kuziunganisha. Mimi huziunganisha kwa ukoo. Panga safari yako kwa kufuata ukoo wa Yaarubi, na kila lango utakaloingia litakuwa na mtu unayemjua.

Kwa ufupi ukoo wenyewe uko hivi. Mwaka 1624, wakati makabila ya Oman yalikuwa yakipigana yenyewe kwa yenyewe na Wareno wameishika bandari ya Muscat, wanazuoni walimchagua Nasir bin Murshid wa Rustaq kuwa imamu. Yeye akaanza kuyaunganisha makabila. Baada yake akashika jamaa yake Sultan bin Saif, na huyo ndiye aliyewatoa Wareno Muscat mwaka 1650, baada ya kuikalia tangu 1507. Ndiye pia aliyejenga mnara mkubwa wa Nizwa. Alipofariki uimamu ukaenda kwa mwanawe Bal'arab, aliyejenga kasri la Jabrin. Ndugu yake mdogo, Saif, akaasi, akamzingira humohumo Jabrin, na Bal'arab akafia ndani ya kuta alizozijenga mwenyewe. Huyo Saif bin Sultan ndiye imamu ambaye majeshi yake yaliizingira Ngome ya Yesu tangu Machi 1696 hadi ilipoanguka Desemba 1698. Kaburi lake liko Rustaq. Mwanawe, Sultan bin Saif wa pili, akajenga ngome ya Hazm. Baba, wana wawili na mjukuu: vizazi vitatu, na karibu kila mmoja ameacha jengo unaloweza kuingia ukaligusa.

Kisa hiki kisome kabla hujaondoka, tena ukiweza katembee kwanza katika ngome iliyo karibu nawe nyumbani. Vibao vya maelezo kule mara nyingi ni vifupi, na hudhani kwamba mgeni anamjua Saif ni nani.

Ngome ya tano ninayoiongeza haimo katika ukoo huo. Ni Bahla, na ni kongwe sana. Ilikuwa makao ya Nabahani, waliotawala eneo lile tangu karne ya 12 hadi mwisho wa karne ya 15. Masimulizi ya Pate yanasema masultani wa Kinabahani wa kisiwa kile walitoka Oman, na kwa hiyo mtu wa Lamu au Pate ana sababu yake ya kwenda Bahla hata kabla ya kuwafikiria Wayaarubi.

Sasa tuje kwenye siku. Siku ya kuanzia ni jambo la kupima kwa makini kwa sababu ya Ijumaa. Wikendi ya Oman ni Ijumaa na Jumamosi. Siku ya Ijumaa ngome nyingi hufunguliwa kwa saa chache tu, na zikikaribia saa za sala ya Ijumaa hufungwa. Asiyejua hilo hupoteza siku nzima akiwa amesimama mbele ya lango. Lakini Ijumaa hiyohiyo asubuhi ndiyo siku ya soko la mbuzi la Nizwa, ambalo halipatikani siku nyingine ya wiki kwa uzito ule. Kwa hiyo jambo la busara si kuikimbia Ijumaa, ni kuhakikisha kwamba inakukuta ukiwa umelala Nizwa. Fika Muscat Jumatano, nenda bara Alhamisi, na mengine yatajipanga yenyewe.

Alhamisi ondoka Muscat alfajiri, saa 12. Nizwa iko kilomita 160 hivi kwa barabara pana na nzuri, lakini usisimame hapo kwanza. Endelea kilomita 40 hivi hadi Bahla, ufike asubuhi bado jua halijapata nguvu. Bahla ni ngome ya udongo, kubwa mno, na nafasi zake nyingi ziko wazi juani. Ndani hakuna mazulia wala vyombo vya maonyesho. Kuna vyumba vitupu, ngazi, visima, minara na ua baada ya ua. Wengine hutoka wakilalamika kwamba hamna kitu. Mimi naipenda kwa ajili ya utupu huo, kwa sababu hakuna kinachokuzuia kuona jengo lenyewe: matofali ya udongo yaliyokaushwa juani, juu ya msingi wa mawe, yakiinuka hadi kimo cha kutisha. Fikiria mvua inafanya nini kwa jengo la namna hiyo. UNESCO iliiandika Bahla katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1987, na mwaka uliofuata ikaiweka katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu kila msimu wa mvua ulikuwa ukila sehemu ya kuta. Ilitolewa katika orodha ya hatari mwaka 2004, na milango ikafunguliwa kwa wageni mwaka 2012. Ukiwa juu ya mnara tazama nje pia: ukuta wa udongo wa kilomita 12 hivi unaizunguka mitende na mji wote, na vipande vyake vinaonekana vikipanda vilima. Shuka, unywe maji mengi, na ukitaka chungu au mtungi pita kwa wafinyanzi, kwani Bahla ni mji wa ufinyanzi tangu zamani.

Jabrin iko karibu, mwendo wa dakika chache kwa gari. Iachie saa za mchana, jua linapokuwa kali, kwa sababu kuta zake nene huweka ubaridi ndani. Hapa usikimbie. Kama ni lazima upunguze muda mahali fulani, punguza kwingine kote, lakini Jabrin ipe saa mbili au zaidi. Bal'arab aliijenga miaka ya 1670, wakati Oman ina amani na fedha, na kwa hiyo aliweza kufikiria mambo ambayo baba yake hakuwa na nafasi ya kuyafikiria. Kwa nje ni ngome, ina minara na mizinga. Kwa ndani ni nyumba ya mtu aliyependa elimu. Alikaribisha wanazuoni na wanafunzi wakasoma humo. Inua macho katika kila chumba: dari za mbao zimechorwa maua na majani yanayojisokota, kwa rangi nyekundu na nyeusi ambazo bado zinaonekana, na juu ya matao kuna maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa kwenye lipu. Tafuta chumba kinachoitwa cha jua na mwezi, ambacho madirisha yake yamepangwa ya juu na ya chini ili hewa ya moto itoke na ya baridi iingie. Mtu wa Mji Mkongwe au wa Lamu, aliyekulia katika nyumba za mawe, atakielewa chumba kile bila kufundishwa.

Kisha shuka chini. Utaona ghala la tende, ambamo magunia yalipangwa moja juu ya jingine yakakandamizana, na asali yake ikatiririka katika mifereji ya sakafuni na kukusanywa. Asali hiyo ilikuwa chakula, na ilikuwa silaha pia. Mwisho tafuta kaburi la Bal'arab. Ni la kawaida, halina makuu, na maji ya mfereji wa chini kwa chini yalipitishwa karibu nalo. Anayekijua kisa cha ndugu wawili hatasimama pale kama mtalii. Aliyelala hapo aliuawa na ugomvi wa kwao, na yule aliyeshinda ugomvi huo akawa na nguvu za kutosha kuivuka bahari hadi Mombasa. Historia ya pwani yetu ilipitia kwenye mlango ule.

Jioni rudi Nizwa ulale huko. Nasisitiza kulala, kwa sababu wapo wanaojaribu kuziona Bahla, Jabrin na Nizwa kwa siku moja kutoka Muscat na kurudi usiku, na hilo ni kujitesa. Karibu na ngome ya Nizwa kuna mtaa wa zamani wa nyumba za udongo ambazo baadhi yake zimefanywa nyumba za wageni. Ukipata chumba humo, chukua.

Ijumaa amka mapema, uwe sokoni saa 1 asubuhi. Wauzaji huwazungusha mbuzi, kondoo na ng'ombe katikati ya duara la wanunuzi, bei zikitajwa kwa sauti, na kila mtu anataka kumshika mnyama mdomo na mgongo kabla hajasema neno. Soko likimalizika, ingia moja kwa moja ngomeni kabla haijafungwa kwa ajili ya sala.

Mnara wa Nizwa ni kazi ya askari. Sultan bin Saif alikuwa ameona mizinga ya Wareno inafanya nini, na mnara wake ulichukua miaka 12 kujengwa. Ni wa duara, mpana kuliko unavyotarajia, kimo chake ni mita 30 hivi, na sehemu yake kubwa ya chini imejazwa mawe na udongo ili ipigwe na mizinga isitikisike. Njia ya kwenda juu ni ngazi nyembamba inayokata kona, na kila kona ina mlango mzito, na juu ya kila mlango kuna tundu. Simama chini ya tundu mojawapo utazame juu. Humo ndimo ilimomiminwa asali ya tende iliyochemka, juu ya adui aliyekwisha kubanwa na mlango mbele na wenzake nyuma. Ukifika juu utaliona kuba la msikiti, mitende inayojaza bonde na milima ya Hajar nyuma yake. Ukiyaona hayo ndipo unapofahamu kwa nini imamu alitaka kukaa pale: anayeushika mji ule anaishika njia ya kutoka bara kwenda pwani, na anayashika maji. Mchana, wakati kila kitu kimefungwa, nenda Falaj Daris, mfereji mkubwa ulio kando ya mji. UNESCO iliuandika pamoja na mifereji mingine minne mwaka 2006. Ngome bila mfereji ni kuta tu, hakuna ambaye angeweza kuikalia.

Jumamosi irudie Muscat taratibu. Tembea pale mbele ya kasri la Al Alam, ambapo ngome mbili zinatazamana juu ya majabali ya bandari: Mirani na Jalali, zilizojengwa na Wareno miaka ya 1580. Zihesabu kuwa ni za kutazamwa kwa nje, na ukikuta mlango umefunguliwa shukuru. Jalali ilikuwa gereza kwa miaka mingi, kama Ngome ya Yesu ilivyokuwa gereza tangu 1895 hadi 1958. Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa mwaka 2016, yako hapohapo na yanastahili nusu siku.

Jumapili ni ya upande wa pili wa milima, yaani Nakhal, Rustaq na Hazm, kwa mzunguko mmoja wa siku kutoka Muscat. Nakhal si ya Wayaarubi peke yao na haimo katika tano zangu, lakini iko njiani, imekaa juu ya jabali ikifuata umbo lake, na karibu nayo kuna chemchemi ya maji moto ambako familia huja na chakula chao. Ipe nusu saa. Rustaq ndiko ukoo ulikoanzia, na ndiko Saif aliyeichukua Mombasa alikozikwa. Hazm ni ya mwisho, na mtu aliyechoka ataiona kuwa tofauti kabisa na zilizotangulia: dari zake zimeshikwa na matao na nguzo nene badala ya boriti, na milango yake ya mbao iliyochongwa itamfanya Mzanzibari asogee karibu aikague kwa kiganja. Mizinga ya Wareno imo humo pia.

Kuna jambo moja la kuuliza kabla ya kufunga mizigo. Ngome za Oman hufanyiwa ukarabati mara kwa mara, na kazi ikianza ngome hufungwa, wakati mwingine kwa miaka. Usitegemee makala ya zamani wala picha za rafiki. Wizara ya Urithi na Utalii ndiyo inayozisimamia. Wasiliana nayo au umwombe mwenye nyumba ya wageni akupigie simu wiki moja kabla. Ikiwa Rustaq imefungwa, usiifute safari ya upande ule. Izunguke kwa nje, kisha uongeze muda Hazm.

Msimu ni Novemba hadi Machi. Kuanzia Mei joto hupita digrii 40, na ngazi za ngome huwa adhabu, hasa kwa wazee na watoto. Ramadhani ni wakati mzuri wa kuwa na jamaa, lakini kwa safari ya ngome haifai: saa za kufungua hupungua, na kula au kunywa hadharani mchana hakuruhusiwi.

Visa huombwa kwa intaneti kupitia polisi wa Oman, ambao ndio wenye mamlaka ya uhamiaji. Masharti hutofautiana kwa uraia na hubadilika, kwa hiyo yasome mwenyewe kwenye tovuti yao rasmi kabla ya kulipia tiketi, usimtegemee wakala peke yake. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Fedha yao ni riali, yenye baisa 1,000, na riali moja ni kama dola 2.6 za Marekani. Bei ya riali 5 inaonekana ndogo hadi uizidishe. Weka noti ndogondogo kwa viingilio, maji na chai.

Gari la kukodi ndilo linalokupa uhuru, nalo lina hatari moja kwa wengi wetu. Oman huendesha upande wa kulia. Aliyezoea barabara za Kenya, Tanzania au Uganda asianze kujifunza usiku akitoka uwanja wa ndege. Achukue teksi hadi hotelini, alale, achukue gari asubuhi. Mahali pa kujichunga zaidi ni kwenye mizunguko ya barabara, ambako mazoea ya mkono wa kushoto hurudi ghafla. Kamera za mwendo ziko kila mahali. Mvua ikinyesha milimani, mabonde makavu hujaa maji kwa dakika chache: usijaribu kuvuka bonde linalotiririka hata ukiona wenyeji wamejaribu, ni hatari na ni kosa kisheria. Asiyeendesha kabisa atapata basi la Muscat hadi Nizwa, na huko akodi teksi kwa nusu siku ya kwenda Bahla na Jabrin, wakubaliane bei na muda wa kusubiri kabla ya kuondoka.

Vaa nguo za kustiri mabega na magoti, na viatu visivyoteleza, maana ngazi za mawe zimelainishwa na miguu ya karne nyingi. Ukikaribishwa kahawa na tende, pokea kwa mkono wa kulia, na ukitosheka tikisa kikombe kidogo unapokirudisha, la sivyo kitajazwa tena.

Na useme Kiswahili. Baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, na zaidi baada ya 1970, familia nyingi zilirudi Oman kutoka Unguja, Pemba, bara na hata Burundi, Rwanda na Kongo, na lugha walirudi nayo. Muscat utaisikia bila kuitafuta. Kwa mji wa bara, salimia kwanza, “Salaam aleikum,” kisha umwulize mtu mzima kwa adabu, “Shikamoo mzee, unasema Kiswahili?” Ukimpata, muulize habari za ngome ya mji wake. Atakuonyesha mlango ambao waongoza watalii hupita bila kusimama, na huenda akataka kujua habari za mtaa aliozaliwa Ng'ambo au Chake Chake. Mpe nafasi hiyo hata kama ratiba itachelewa.

Mwenye siku mbili tu aache Muscat na upande wa Rustaq. Atoke uwanja wa ndege moja kwa moja hadi Nizwa Alhamisi asubuhi, Bahla na Jabrin azione siku hiyohiyo, soko na mnara wa Nizwa Ijumaa kabla ya sala, na tiketi ya kurudi aikate ya usiku, maana kutoka Nizwa hadi uwanja wa ndege ni mwendo wa saa moja na nusu hadi mbili.